Risasi Kwenye Ubao wa Jirani

Katika kijiji cha Altried hakuna aliyepata kumlaumu Meinrad Betschart kwa uzembe. Alikuwa seremala mstaafu ambaye milango aliyoitengeneza ujanani ilikuwa ikifunga bado bila kukwaruza, na kwa miaka mingi alikuwa msimamizi wa mstari katika uwanja wa shabaha, yaani yule mwenye kitambaa chekundu mkononi ambaye kwa amri yake bunduki hupakiwa, hulia na hunyamaza. Chini ya usimamizi wake hakuna mtu aliyetoka pale hata na mchubuko. Lawama iliyomfikia mwezi ule wa Mei ilikuwa ya namna nyingine kabisa, nayo ilitoka kwa mtu ambaye hakuweza kumpuuza.

Bi Pia Gwerder, mwenyekiti wa chama cha walenga shabaha, alimkuta akifagia nyumba ya kulengea. Alikuwa mfugaji, mwanamke wa maneno machache, na alikuja hivyo hivyo na mabuti yake ya zizini.

“Meinrad, weka ufagio chini. Nina neno, na usinikatize.”

“Sema, Mwenyekiti.”

“Wageni wanakuja, wanalenga mara moja, hatuwaoni tena. Mwaka juzi hivyo, mwaka jana hivyo. Unajua kwa nini?”

“Simu zao. Na mpira. Na huu uvivu wa siku—”

“Nimesema usinikatize. Ni wewe.”

Meinrad alinyoosha mgongo. Alikuwa mtu mrefu, na aliponyooka hivyo wengi walirudi nyuma hatua moja. Pia hakurudi.

“Wewe na ile adhabu yako ya namba,” akaendelea. “Mtoto wa dada yangu alisimama hapa hapa analia, watu wazima wanamtazama, eti ataje ubao wake kwa sauti. Tangu siku ile hataki hata kupita barabara ya huku.”

Adhabu yenyewe Meinrad hakuibuni. Aliirithi kwa msimamizi aliyemtangulia. Mlengaji aliyekosea akapiga ubao wa jirani, badala ya wake mwenyewe, alitakiwa baada ya milio kunyamaza asimame, avue kofia, na ataje namba ya ubao wake kwa sauti ya kusikika nyumba nzima. Meinrad mwenyewe aliwahi kusimama hivyo alipokuwa kijana, na hakurudia kosa tena maishani. Aliamini kwamba aibu ndogo ya leo ni kinga ya msiba mkubwa wa kesho, na hakuwahi kuona sababu ya kuamini vinginevyo.

“Bunduki si kijiko cha supu,” alisema.

“Sijasema ni kijiko. Nasema hivi: Jumamosi ijayo ni sikukuu ya ulengaji. Una marafiki watatu unaocheza nao karata kila wiki, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulala kwenye mkeka huu. Walete. Uwafundishe. Kama hata mmoja wao atarudi Jumanne kwenye mazoezi, kwa miguu yake, bila kubembelezwa, mimi nitanyamaza. Asiporudi mtu, kwenye mkutano wa vuli nitapendekeza mtu mwingine avae hicho kitambaa.”

Kisha akaenda zake kukamua ng’ombe. Meinrad alibaki na ufagio. Kwa mara ya kwanza alikiangalia kitambaa kile kilichoning’inia msumarini kama kitu kinachoweza kuning’inia msumarini bila yeye.

*

Marafiki aliwakuta mahali pao pa siku zote, kwenye meza ya pembeni katika Baa ya Kulungu. Mwenye baa alikuwa Agatha Imhof, mjane mwenye ulimi mkali, ambaye alicheza karata huku akihudumia wateja na bado akashinda. Wa pili alikuwa Wisi Schelbert, mwoka mikate, mtu mnene mwenye kicheko cha kutikisa bilauri. Wa tatu, aliyekuwa mshirika wa Meinrad mezani, alikuwa Balz Heinzer, tarishi wa posta aliyestaafu, mwembamba, mpole, mwenye mapafu yaliyopiga mluzi kila alipopanda ngazi.

“Jumamosi mnakuja uwanjani,” alisema Meinrad. “Wote watatu.”

“Kwani tumefanya kosa gani?” akauliza Wisi.

“Kulenga. Sikukuu. Ni bure, risasi zinatolewa.”

Agatha alishusha karata zake. “Ngoja kwanza. Tumekaa na wewe meza moja mpaka meza imepata shimo la kiwiko chako, hujawahi kutualika. Leo kuna nini?”

Meinrad hakuwa mtu wa kusema uongo, wala hakuwa mtu wa kuomba. Aliona kwamba hapa hakuna njia ya tatu, basi akawaeleza kila kitu kama alivyoambiwa na Pia, hadi neno la mwisho, huku akiitazama meza.

Wisi aliangua kicheko. “Yaani cheo chako kiko mikononi mwetu! Agatha, mletee huyu bwana kahawa yenye kitu ndani, anaumwa.”

“Mimi nitakuja,” alisema Agatha. “Marehemu mume wangu alikuwa akijifanya hakuna mwanamke anayeweza. Nataka nione alikuwa anajisifia nini.”

“Mimi nitakuja kula soseji,” alisema Wisi. “Kulenga tutaona.”

Balz alizipanga karata zake, akazipangua, akazipanga tena. Wenzake wote watatu walijua sababu. Katika bonde lile kila kijana alikwenda jeshini, akarudi na bunduki, akaiweka kabatini kwake, na kila mwaka akaipeleka uwanjani. Balz alipimwa akiwa na miaka kumi na tisa, madaktari wakasikiliza mapafu yake, wakamrudisha nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Baadaye akawa tarishi, na ni yeye aliyewapelekea wenzake mlangoni barua za kuwaita kwenye mazoezi, mwaka baada ya mwaka, mpaka alipostaafu. Kwa muda wote huo hakuna aliyemwuliza kama angependa naye kujaribu. Meinrad, aliyekaa naye meza moja na kushinda naye michezo mingi, hakumwuliza pia.

“Mimi nitawaharibia,” alisema Balz hatimaye. “Kifua changu kinaruka kama chura.”

“Chura na aje,” alisema Agatha. “Gawa karata.”

*

Jumamosi ilipambazuka na ukungu, lakini kufikia saa tatu ulikuwa umepanda mlimani, na mbao za shabaha zilionekana wazi chini ya kilima, ng’ambo ya malisho, mita mia tatu kutoka mikekani. Bendera nyekundu ilikuwa imepandishwa, njia ya malishoni imefungwa, ng’ombe wamehamishwa upande wa pili wa kijito, na kengele zao zilisikika kila milio iliponyamaza. Nyuma ya nyumba ya kulengea kulikuwa na meza ndefu, jiko la makaa, soseji, saladi ya viazi, na wanaume waliokwisha kulenga ambao sasa walikuwa na maoni juu ya kila mtu aliyekuwa hajalenga.

Meinrad aliwapokea wageni wake kwa kofia iliyonyooka. Aliwapa vikinga masikio, akawasimamisha mbele ya bunduki tupu iliyolala juu ya meza, akaanza.

“Mambo ni machache, na kwa haya sina mzaha. Mtutu unaelekea kilimani, daima, hata kama bunduki ni tupu, hata kama nyuki amekuuma. Kidole kiko nje ya kifyatuo mpaka jicho limeshaona shabaha. Nikisema simama, unasimama, hata kama ulikuwa unakaribia kupiga katikati. Na hakuna anayeinuka kwenye mkeka mpaka mtu ametazama ndani ya chemba, pale inapokaa risasi, na kuona ni tupu.”

“Na kama nikitaka kupiga chafya?” aliuliza Wisi.

Neno lilimfika Meinrad kwenye ncha ya ulimi, lile neno ambalo kwa miaka mingi lingetoka bila kuomba ruhusa. Alilimeza. Lilipita kooni kama mwiba wa samaki.

“Unatoa kidole, unapiga chafya, unarudi.”

“Mmesikia hiyo?” Wisi aliwageukia wenzake. “Kajibu kama binadamu.”

Mazoezi yalikwenda vizuri kuliko alivyotarajia. Agatha alilala, akashusha pumzi, akafyatua, akainua uso, na skrini ndogo iliyokuwa kando ya mkeka ikaonyesha tatu, na nne ndiyo ya juu kabisa. Alipiga tena: tatu. Kisha nne.

“Basi ni hivi tu?” alisema. “Kwa hiki kitu yule mtu alikuwa haoshi vyombo siku nzima?”

Wisi alipata taabu ya kulala, kwa kuwa tumbo lilimpa kilima chake mwenyewe.

“Shuka kidogo,” Agatha alimwambia kutoka mkeka wa pili. “Hapo ulipo unalenga Italia.”

“Nyamaza, mwanamke, natafuta ubao.”

“Uko kule kule ulikokuwa jana.”

Bunduki ilipolia, Wisi alitoa mguno wa ng’ombe aliyekanyagwa, na wanaume wa meza ya soseji walishangilia. Skrini ilionyesha moja. Wisi aliomba mkono wa pongezi kwa kila mtu aliyekuwa karibu.

Balz alikuwa wa mwisho. Meinrad alipiga magoti kando yake, akaona ncha ya mtutu ikipanda na kushuka pamoja na pumzi, ikichora herufi hewani. Hili lilikuwa jambo ambalo alilijua kama anavyoijua randa ya mbao.

“Usishindane na kifua,” alimwambia kwa sauti ya chini. “Kiache kipumue. Utaona kilengeo kinapanda, kinashuka, halafu chini kabisa kinatulia kidogo. Pale pale. Usikivute kifyatuo, kikamue polepole, kama mtu anayebana tone la mwisho kwenye kitambaa.”

“Kikitulia tu?”

“Kikitulia tu. Kisipotulia, usipige. Hakuna anayekukimbiza.”

Balz alisubiri. Alisubiri muda mrefu hivi kwamba mtu mmoja mezani aliuliza kama amelala. Risasi ilipoondoka, skrini ilionyesha mbili. Balz aliitazama mbili ile bila kupepesa, na Meinrad aliona kwamba masikio yake yamekuwa mekundu kwa furaha.

*

Kabla ya awamu yenyewe ya mashindano Pia alimjia Meinrad akamnyooshea mkono wake wazi.

“Nipe kitambaa. Hii awamu nitaisimamia mimi.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu ukisimama nyuma yao kama hakimu watalenga kama washtakiwa. Lala nao. Si na wewe hujalenga bado?”

Ni kweli, alikuwa hajalenga. Kwa desturi yake alilenga mwisho wa siku, uwanja ukiwa umetulia, na kila mwaka, tangu ujana wake, aliondoka na ile beji ndogo yenye taji la majani ambayo hupewa waliofikisha alama zinazotakiwa. Beji hizo zilijaa kwenye kofia yake ya sikukuu. Hakuna mtu aliyejua kwamba tangu majira ya baridi jicho lake la kulia lilikuwa na ukungu, wala kwamba daktari wa mjini alikuwa amekwisha kumpangia upasuaji. Alitumaini kupata ya mwaka huu kabla watu hawajajua. Alivua kitambaa, akampa Pia, akalala kwenye mkeka wa sita, kando ya Balz aliyekuwa wa tano.

Risasi za mwanzo, za moja moja, zilimwendea vyema. Alijua alama zake ziko ukingoni mwa beji, lakini ukingo wa ndani. Balz alipata mbili, moja, tatu, sifuri, mbili. Kisha ikaja duru ya mwisho, ile ambayo risasi sita hupigwa ndani ya dakika moja na skrini haisemi kitu mpaka dakika iishe.

“Pakieni!” ilisikika sauti ya Pia. “Tayari… pigeni!”

Meinrad alipiga ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila moja aliisikia ikienda ilikotakiwa. Mlengaji wa siku nyingi hahitaji skrini. Mkono na jicho humwambia risasi imekwenda wapi kabla haijafika. Kwenye ya nne jicho lilitoa chozi. Ubao ukayeyuka kama siagi, na kidole, kilichozoea kutii dakika, kikakamua kabla ya wakati. Alijua papo hapo: chini, kushoto, mbaya. Akafunga jicho, akalifungua, akapiga ya tano na ya sita vizuri.

Kando yake Balz alikuwa amekatika pumzi. Aliinua kichwa, akameza hewa kama mtu aliyeibuka majini, akarudi kwenye kilengeo kwa haraka kwa kuwa dakika ilikuwa inakwisha, akafyatua.

“Simama! Onyesheni chemba!”

Wasaidizi walipita, wakatazama ndani ya kila bunduki, wakagonga mabega. Skrini ziliwaka. Ya Balz ilikuwa na alama za risasi tano. Ya Meinrad ilikuwa na saba.

Watu wa meza ya soseji, ambao hawakuwa na kazi nyingine, walikwisha kuhesabu.

“Loo! Tarishi kapeleka barua nyumba siyo!” alipiga kelele mmoja.

“Kwa mazoea!” akadakia mwingine, na kicheko kikavuma chini ya paa lote.

Pia aliinama juu ya skrini ya Meinrad. Kulikuwa na nne, na tatu, na nne, na miongoni mwao moja peke yake, chini kushoto, kama inzi kwenye shuka.

“Haya,” alisema kwa sauti ya kawaida ya kazi. “Zimeingia saba, mwenye ubao kapiga sita. Pale isipojulikana ipi ni ya mgeni, kanuni inampa mwenye ubao zile za juu. Hii moja tunaiondoa. Meinrad, una beji, kwa alama moja ya ziada. Balz, pole, ya kwako iliyopotea inahesabiwa sifuri.”

Ilikuwa kanuni, na ilikuwa sahihi. Meinrad mwenyewe alikuwa ameitumia mara nyingi kwa wengine. Tena ilikuwa na busara yake, kwa maana nani angefikiri kwamba ile mbaya ni ya mzee mwenye kofia iliyojaa beji, na kwamba ile nzuri ni ya mtu aliyelala mkekani leo kwa mara ya kwanza?

Hapo aligeuka akamwona Balz.

Balz alikuwa amekwisha kusimama. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa amevua kofia na kuishika kifuani kwa mikono miwili, na nywele zake chache zilisimama kwa jasho. Kijiji kizima kilijua desturi ile, na tarishi aliijua kama wengine. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Agatha alikuwa ameketi mkekani akimtazama Meinrad, na katika uso wake hapakuwa na mzaha wowote. Balz alifungua kinywa ili ataje namba ya ubao wake, na mluzi wa mapafu yake ukatangulia.

“Keti, Balz,” alisema Meinrad.

“Hapana, acha tu. Najua utaratibu. Nilikuwa—”

“Nimesema keti.”

Sauti ilitoka kali, kwa kuwa hakuwa na nyingine ya haraka. Meinrad aliinuka kwa magoti, kisha kwa miguu, na mifupa ikalalamika. Alisikia kengele za ng’ombe ng’ambo ya kijito. Alihisi jinsi ilivyo rahisi kutosema chochote: kumwambia Balz avae kofia, kusamehe mbele za watu, na kwenda nyumbani na beji pamoja na sifa ya upole. Kila mtu angeridhika, Pia angeridhika kuliko wote. Ingekuwa ni wema uliojengwa juu ya mbao mbovu, na yeye hakuwahi kujenga juu ya mbao mbovu.

“Mwenyekiti,” alisema, “hujaiondoa iliyo sahihi. Hiyo moja ni yangu.”

Pia alikunja uso. “Unajuaje?”

“Nimeiona ikiondoka. Risasi yangu ya nne. Jicho langu la kulia lina ukungu, daktari atalipasua baada ya mavuno ya majani ya ng’ombe. Lilitoa chozi, nikavuta kama mwanafunzi. Chini, kushoto. Hiyo hapo.”

“Basi kama hiyo ni yako…”

“Basi moja ya zile za alama nne ni ya Balz, maana zangu nazijua.” Meinrad aliwageukia watu wa meza ya soseji, na wale waliokuwa wakitafuna waliacha kutafuna. “Mmecheka. Sawa, ubao si wake, na sifuri yake ni halali, kanuni ni kanuni. Lakini sikilizeni. Mtu huyu amekatika pumzi, ana sekunde mbili, hajawahi kushika bunduki mpaka leo asubuhi, na risasi yake imeingia katikati. Katikati kabisa. Ni nani hapa aliyepiga nne siku yake ya kwanza, kwa pumzi kama ile? Nyoosha mkono nikuone.”

Watu wa mezani walitazama soseji zao.

“Mimi!” alisema Agatha.

“Wewe hukukatika pumzi, Agatha. Wewe ulikuwa unaongea.”

Kicheko kilirudi, lakini hiki kilikuwa cha namna nyingine, na Wisi, ambaye alikuwa bado hajafanikiwa kuinuka, alikipigia ngoma kwa kiganja mkekani. Balz alikuwa ameketi, kofia magotini. Alitazama skrini ya Meinrad, akaonyesha kwa kidole chembamba.

“Ni ipi?” aliuliza. “Kati ya hizo za alama nne, yangu ni ipi?”

Swali hilo Meinrad hakulitarajia. Aliinama karibu, akafumba jicho bovu, akazitazama alama moja moja kwa muda mrefu, maana sasa hakutaka kukosea.

“Hii,” alisema. “Ya kulia kidogo. Mimi siendagi kulia.”

Balz aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetambulishwa kwa ndugu ambaye hakujua kuwa anaye.

*

Agatha alipata beji. Aliibandika kwenye aproni, si kofiani, akatangaza kwamba itakaa hapo mpaka wateja wote wa Baa ya Kulungu waione. Wisi alikula soseji mbili na nusu ya saladi ya viazi, akawaambia wazi kwamba bega lake linawaka moto na kwamba haonekani tena pale mpaka waanzishe mchezo wa kulenga kwa kukaa kitini. Meinrad aliketi katikati yao bila beji, na watu waliopita nyuma yake walimgusa bega, jambo ambalo hakulipenda na ambalo hakulizuia.

Pia alimrudishia kitambaa akiwa amesimama.

“Ulijua kwamba kwa kusema vile umepoteza beji?”

“Najua kujumlisha.”

“Na ile desturi ya namba?”

Meinrad alikikunja kitambaa, akakikunjua. Kuiacha desturi hakukumjia kama ushindi. Ilikuwa kama kung’oa mlango alioufunga mwenyewe kwa uangalifu, na kugundua kwamba ulikuwa umefungwa kwa upande usio wake.

“Anayepiga ubao wa jirani nitazungumza naye,” alisema. “Pembeni. Mimi na yeye tu. Na nitazungumza naye kwelikweli, Pia. Usidhani nitamwimbia.”

“Sijadhani.”

“Na mtoto wa dada yako nitakwenda kwao. Sijui nitasema nini.”

“Utapata la kusema njiani. Ni mbali.” Pia alitazama juu, mahali jua lilipokuwa limefika. “Jumanne tutaona,” akaongeza, akaenda.

*

Jumanne jioni Meinrad alifungua nyumba ya kulengea mapema. Alipandisha bendera, akafunga njia ya malishoni, akatandika mikeka. Walenga shabaha wa kawaida walikuja, wale wale wachache, wengi wao wenye umri wake. Wakalala, wakapiga. Agatha alikuwa amemwambia tangu Jumapili kwamba Jumanne baa ina harusi. Wisi alikuwa amesema lake. Pia alikuwepo, akisafisha bunduki yake polepole kuliko ilivyohitajika.

Meinrad hakutazama barabara. Alisimamia mstari kama kawaida, akatoa amri zake kwa sauti ile ile, na mtu mmoja alipoinuka kabla chemba yake haijatazamwa alimrudisha chini kwa neno moja ambalo lingeweza kung’oa rangi ukutani. Pia aliinua macho. Meinrad hakuomba radhi, kwa kuwa katika hilo hakuwa na la kuombea radhi.

Awamu ya pili ilikuwa imekwisha aliposikia mluzi. Ulikuja kutoka nje, ukapanda ngazi za mbao, ukapumzika kila ngazi, na hatimaye ukasimama mlangoni, ukiwa umeacha baiskeli chini, na vikinga masikio vipya kabisa, bado vikiwa na karatasi ya dukani, shingoni.

“Kile kilima,” alisema Balz alipoweza kusema, “enzi zangu hakikuwa kirefu hivi.”

“Umechelewa,” alisema Meinrad.

“Nimetembea kuanzia darajani. Kuna nafasi?”

Pia alifunga mkoba wa bunduki yake, akauweka begani, akapita katikati yao wawili. Mlangoni aligeuka kana kwamba anataka kusema kitu, kisha akafunga mdomo, akateremka ngazi kuelekea kwa ng’ombe wake.

Meinrad alimwangalia mpaka alipopotea nyuma ya ghala. Ndipo alipomgeukia Balz, ambaye alikuwa tayari ameelekea kwenye mkeka na kuinyooshea bunduki mkono kwa hamu ya mtu mwenye njaa.

“Kwanza pumua,” alisema Meinrad. “Mpaka mluzi ukome. Bunduki haiendi popote.”

“Na ukikoma?”

“Ukikoma nitakuonyesha jinsi ya kurekebisha kilengeo. Jumamosi ulikuwa unapiga kulia kidogo.”

Balz alikaa kwenye benchi, mikono magotini, akipumua kwa bidii kama aliyepewa kazi. Nje jua lilikuwa bado juu ya mlima, na ilibaki saa nzima ya mwanga mzuri.